Kuumbwa Mara Tatu

Katika mtaala wa Kenya wa 8-4-4, mtoto wa Kidato cha Kwanza aliumbwa mara tatu. Kwenye somo la CRE, yaani Elimu ya Dini ya Kikristo, alifinyangwa kwa mavumbi ya ardhi, akapuliziwa pumzi puani, akawekwa bustanini. Katika Historia na Serikali aliumbwa tena na mababu, kila kabila kwa namna yake. Kisha, kabla kengele haijalia, mwalimu yuleyule wa historia alifuta ubao akamchora upya: kiumbe aliyejikunyata upande wa kushoto, anayenyooka mgongo hatua kwa hatua hadi upande wa kulia, ambako alisimama wima ameshika mkuki. Tuliinakili michoro hiyo kwa penseli. Sisi wa viti vya nyuma tulimpa yule wa mwanzo majina ya wenzetu wa mbele.

Hakuna aliyeshtuka. Hata CRE peke yake ilikuwa na la kushangaza, kwa maana swali lililopendwa na watahini lilitaka tutaje tofauti kati ya masimulizi mawili ya uumbaji yaliyomo katika Mwanzo. Tulizijua zote. Katika sura ya kwanza mimea na wanyama wanatangulia, na mtu anaumbwa mwisho, mume na mke kwa pamoja. Katika sura ya pili mwanamume anatangulia, bustani inafuata, halafu wanyama, na mwanamke anakuja mwishoni kutoka ubavuni. Ukizipanga tofauti hizo vizuri ulipata alama zako ukaendelea na swali lingine. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza: sasa ilikuwaje hasa?

Leo mimi ni wakala wa forodha mpakani Busia, na riziki yangu yote inatokana na swali la kitu kimetoka wapi. Mzigo ukija na hati ya asili isiyolingana na ankara, hauvuki. Labda ndiyo maana nayakumbuka madaftari yale kwa mshangao. Tulikuwa na hati tatu za asili, zinapingana, na zote ziligongwa muhuri.

Hati ya mababu niliipata nyumbani, kwa kukhu, yaani nyanya yangu, kabla sijajua kusoma. Nangina, kijijini kwetu, iko chini ya vilima vya Samia, na mvua ya alasiri hutujia kutoka upande wa Ziwa Victoria. Wingu likipanda jeusi kutoka Sio Port, kukhu aliita watoto wote ndani na kutukataza kukaa mlangoni. Juu kule, alisema, kuna jogoo mwekundu mkubwa. Akipiga mabawa unaona umeme, akiwika unasikia ngurumo. Jogoo huyo tulimwogopa kwa haki, kwa maana upande huu wa nchi, kutoka kwetu hadi Kakamega na Kisii, radi huua watu na ng'ombe, na watoto huonyeshwa miti aliyoipasua.

Usiku wa mbalamwezi alitueleza kwa nini mwezi una madoa. Mwezi na jua ni ndugu, na zamani mwezi ndiye aliyekuwa mkubwa na mwenye mwanga mkali. Jua, mdogo wake, akamwonea wivu, wakapigana. Mwezi akamwangusha jua, jua akanyanyuka, akamtupa mwezi kwenye matope, na tangu siku hiyo mwezi hajatakata. Mungu akawaamua, akampa kila mmoja zamu yake. Tuliokuwa na kaka wakubwa tuliipenda hadithi hii kupita kiasi.

Kukhu aliyasema haya rozari ikiwa shingoni. Alibatizwa akiwa msichana, hakukosa misa ya Jumapili ila kwa ugonjwa, na sijawahi kumwona akihangaika kupatanisha jogoo wa mawinguni na Baba Mwenyezi wa kanisani. Kwake Were aliyekuwa akiombwa alfajiri na wazee na Mungu aliyetajwa na padri ni mmoja, na jogoo ni kuku wake.

Miaka mingi baadaye nilikutana na jogoo huyo kitabuni. Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti katika nchi ya Waluhya, iliyoitwa North Kavirondo enzi za ukoloni, katika miaka ya 1930, na juzuu ya kwanza ya kitabu chake, The Bantu of North Kavirondo, ilitoka 1949. Masimulizi marefu ya uumbaji aliyapata kwa Wabukusu, ndugu zetu wa upande wa Mlima Elgon. Humo Wele, jina lao la Were, anaanza na mbingu, makao yake mwenyewe, na kuitegemeza kwa nguzo pande zote kama paa la nyumba ya msonge. Anawaumba mwezi na jua, nao wanapigana vilevile alivyosema kukhu. Yanafuata mawingu, na jogoo ndani yake, kisha nyota, mvua, na upinde wa kuizuia mvua isipitilize. Dunia inakuja baada ya hayo yote. Halafu Muumba anajiuliza jua litamwangazia nani. Ndipo anapoumbwa Mwambu, mwanamume wa kwanza, na baada yake mkewe Sela.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Mtu aliumbwa ili jua lisiwake bure! Sijapata kusikia sababu nzuri kuliko hiyo ya kuwepo kwangu, na nimehudhuria mahubiri mengi.

Masimulizi hayo yanaishia kwa kusema kazi yote ilimalizika kwa siku sita, na siku ya saba Mungu akapumzika kwa sababu ilikuwa siku mbaya. Nadhani siku sita zilivuja kutoka misheni. Lakini angalia zilivyopokelewa: wazee walichukua hesabu ya wageni, wakaiwekea sababu yao wenyewe.

Kwa majirani zetu Wateso wa Amukura na Malaba, Muumba anaitwa Edeke. Sokoni Busia, siku ya soko, utamsikia akitajwa kwa majina matatu au manne kabla hujamaliza kununua omena, na bei haibadiliki.

Wamisionari wa Mill Hill walifika Mumias 1904 wakitokea Uganda, miaka miwili baada ya eneo letu kuondolewa katika himaya ya Uganda na kutiwa katika ile ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kitabu cha Mwanzo kilitufikia kwa barabara ileile yanayopitia leo malori ya mafuta, ila kwa kuelekea upande wa pili. Nangina ikapata parokia, hospitali ya Familia Takatifu, shule ya wasichana na bustani za miembe. Katekista wetu alitufundisha chini ya mwembe mmojawapo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye baiskeli nyeusi na kofia asiyoivua ila kwa sala. Katekisimu yetu ilianza kwa kuuliza nani aliyekuumba, na tulijibu kwa pamoja, kwa sauti ya kumwamsha mgonjwa wodini. Siku moja mtoto wa nyuma, mdogo kuliko sote, akauliza: "Na jogoo wa radi je, katekista?" Tukangoja fimbo. Katekista aliitazama mbingu ya upande wa Sio Port, akasema, "Jogoo naye ni wa Mungu. Swali la pili."

Nimeshasikiliza wanatheolojia wenye shahada wakilijibu swali hilo kwa saa nzima bila kufika hapo.

Mbuzi tuliwachungia vilimani, na vilima vile ni vya chuma. Wasamia walikuwa wafua chuma tangu kabla ya Wazungu. Waliyeyusha mawe kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yalikwenda kwa Wajaluo, kwa Waluhya wengine, na ng'ambo hadi Busoga. Mahari ililipwa kwa majembe. Tanuri zilizimika majembe ya madukani yalipoingia kwa wingi wakati wa ukoloni, lakini mawe yalibaki, na sisi tuliyatupa kwa makombeo. Ukilivunja jiwe la huko unakuta michirizi: mstari mwekundu wa chuma, mstari wa kijivu wa jiwe gumu, mwekundu tena, kijivu tena, myembamba na iliyonyooka kana kwamba mtu alikaa akaipanga.

Hakuna aliyetuambia mawe hayo ni ya lini. Wanajiolojia wanaviweka vilima vya Samia katika miamba ya kale kabisa ya nchi hii, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakati huo hapakuwa na mti wala samaki wala mdudu. Palikuwa na bahari, na maji yake yalijaa chuma kilichoyeyuka. Viumbe pekee walikuwa vijiumbe visivyoonekana kwa macho, na wanasayansi wengi wanaona kwamba hivyo ndivyo vilivyokuwa na mkono katika kukigeuza chuma kile kuwa kutu, hewa ya oksijeni ikiwa mojawapo ya njia zake. Kutu ikazama, ikalala chini tabaka juu ya tabaka, ikawa mwamba. Kama ndivyo, jembe alilolipa babu yangu kumwoa kukhu lilitokana na uhai wa kale wa dunia hii, na mimi nilikuwa nikiwapiga nao mbuzi.

Kidato cha Nne tukafika kwenye sura ya mageuko katika Biolojia. Mwalimu wetu, Mprotestanti mcha Mungu aliyeongoza sala za asubuhi, aliifundisha kikamilifu. Alitupa twiga wa Lamarck, ndege wa Darwin na nondo weusi wa viwanda vya Uingereza. Hayo yote yalikuwa mbali. Kisha akaandika ubaoni: selimundu. Darasa likanyamaza, kwa sababu karibu kila mmoja wetu alikuwa na binamu aliyevimba vidole utotoni, aliyelia usiku kwa maumivu ya mifupa, na ambaye jirani fulani alishukiwa kumroga.

Akatueleza. Ukirithi chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, unaishi vizuri, tena malaria kali inakukwepa kuliko wenzako. Ukiirithi kwa wazazi wote wawili, unapata ugonjwa. Penye malaria nyingi, wenye chembe moja huokoka kwa wingi na kuzaa, ndiyo maana chembe haitoweki ingawa inaua. Aliyeionyesha siri hiyo kwa ulimwengu, katika makala za 1954, ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Alipopima damu za watu wa nchi hii aliikuta chembe hiyo kwa wingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, yaani kwetu, na kwa uchache sana kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu wa malaria hawakustawi.

Mimi niliona mageuko siku hiyo, na sikuyaona kwa nyani. Niliyaona katika damu ya binamu yangu aliyekuwa amelazwa umbali wa kutembea. Na jirani yule mshukiwa, maskini, hakuwa amefanya lolote. Mwalimu alifunga kitabu, akasema Mungu hufanya kazi kwa njia ndefu kuliko tunavyodhani, akatupa kazi ya nyumbani. Kesho yake asubuhi aliongoza sala kama kawaida.

Nikitazama nyuma, cha ajabu ni kwamba amani ile haikuwa ujinga wa kijijini peke yake. Ilikuwa na mizizi ambayo hatukuijua. Louis Leakey, mchimbaji mkuu wa mifupa ya kale katika Afrika Mashariki, alizaliwa Kabete 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana wa CMS, na baba yake alishiriki kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Nyumba iliyotafuta neno la Kikuyu la kusema Adamu alifinyangwa ndiyo iliyomlea mtafutaji wa mifupa. Kisiwa cha Maboko, karibu na Kisumu, mojawapo ya hazina za visukuku vya nyani wa kale, kiligunduliwa 1933 na Shemasi Mkuu, yaani Archdeacon, Walter Owen wa Kanisa la Kianglikana, huyohuyo aliyeanzisha chama cha kuwatetea walipa kodi wa Kavirondo na kuwakera walowezi. 1948 Mary Leakey akaokota kisiwani Rusinga fuvu la Proconsul, nyani asiye na mkia aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Ziwa ni lilelile linalotuletea jogoo.

Na upande wetu sisi Wakatoliki? Wazo kwamba ulimwengu wote ulianza kwa chembe moja iliyopanuka lilitoka kwa padri, Mbelgiji Georges Lemaître, kati ya 1927 na 1931. Papa Pius XII aliruhusu 1950 kwamba asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe na wasomi, mradi roho ihesabiwe kuwa inatoka kwa Mungu moja kwa moja. Oktoba 1996 Yohane Paulo II akawaandikia wanasayansi wa chuo chake kwamba mageuko yameshapita hatua ya kuwa dhana tu. Jimbo letu la Bungoma, lililomegwa kutoka Kakamega 1987, lilikuwa bado changa. Kama barua hiyo ilisomwa chini ya mwembe wowote, mimi sikuwepo.

Upepo niliuona ukigeuka 2006. Makumbusho ya Taifa Nairobi yalikuwa yamefungwa kwa ukarabati, na ikajulikana kwamba yatakapofunguliwa yatamwonyesha Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita, ambaye kipande chake cha kwanza kiliokotwa Nariokotome 1984 na Kamoya Kimeu. Askofu Boniface Adoyo, wakati huo akiongoza umoja wa makanisa ya kiinjili, akapinga hadharani. Yeye hakutokana na mvulana huyo, alisema, na makumbusho yasiwafundishe watoto hivyo. Richard Leakey akajibu kwa ukali. Makumbusho yalifunguliwa 2008, na mvulana akawekwa. Nilienda kumwona nilipopata safari ya Nairobi. Nilikuta watoto wa shule wakipiga foleni, wametulia, wakinakili kwa penseli kama sisi.

Ugomvi wenyewe haukunisumbua. Watu wana haki ya kupinga, na askofu alisema waziwazi alichoamini. Kilichonisumbua ni kwamba tangu hapo nilianza kuulizwa, kwa mara ya kwanza maishani, niko upande gani.

Mahema ya mahubiri yakaja Busia. Vipaza sauti vikafungwa kwenye nguzo za stendi, kati ya wauza simu na wabadilisha fedha. Kisha simu zenyewe zikawa mahema. Mpwa wangu, mwendesha boda na kijana mwerevu aniitaye khocha, yaani mjomba, aliniletea siku moja video ya mhubiri Mmarekani iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Dunia ina miaka elfu sita. Mabonde na milima yalichongwa na gharika ya Nuhu. Aliyeamini vinginevyo hana wokovu.

"Khocha, wewe unasemaje?"

Nikamwambia hesabu ya elfu sita si ya Musa. Ilifanywa na askofu James Ussher wa Ireland, aliyejumlisha umri wa mababu wa Biblia na kutangaza 1650 kwamba dunia iliumbwa Oktoba 4004 kabla ya Kristo. Nikamwambia habari ya gharika kuchonga miamba yote ilienezwa na Msabato wa Amerika, George McCready Price, kwa kitabu cha 1923, ikapambwa upya 1961 na Whitcomb na Morris, na tangu 2007 ina makumbusho yake huko Kentucky, yenye dinosaria na watu mahali pamoja. Wasabato wako ng'ambo ya Ghuba ya Winam, Gendia, tangu 1906, na tumeoana nao bila kuulizana umri wa mawe.

"Kwa hiyo uko upande wa nyani," akasema mpwa.

Nikaona nimemhutubia bure. Alitaka jibu la neno moja, na mimi nilimpa karne nne.

Sitaki kuficha ninachoamini. Dunia ina miaka kama bilioni 4.5, ulimwengu bilioni 13.8, na damu ya binamu yangu ilisema kweli. Lakini ninapowasikiliza wanaoutetea uumbaji leo, sihuzuniki kwa sababu wanaamini sana. Nahuzunika kwa jinsi wanavyoubana. Jogoo wa kukhu wamemfanya pepo mchafu. Mwambu na Sela wamewafukuza bila hata kuwauliza majina. Miamba ya Samia wameinyang'anya miaka yake. Hata Mwanzo wenyewe, wenye masimulizi mawili ambayo sisi tulilipwa alama kuyatofautisha, wameupiga pasi ukawa taarifa moja ya polisi. Wanaowajibu mtandaoni nao hawana nafuu, kwani wanamcheka kila aliyepiga magoti, na kukhu wangu angekuwa wa kwanza kuchekwa.

Jumapili, Novemba 3, 2013, mwezi ulilifunika jua. Kivuli kizima kilipita Pakwach, kaskazini mwa Uganda, kikaenda Turkana hadi Sibiloi, juu ya makaburi ya mifupa ya kale. Busia tulipata sehemu, lakini kubwa. Mwanga wa saa kumi na moja ukawa wa ajabu, kuku wakaanza kurudi bandani, na malori yakasimama. Mhubiri mmoja stendi akatangaza mwisho wa dunia, na kijana mmoja akamjibu kwa sauti kwamba alikuwa amesoma saa na dakika zake gazetini. Wakaanza kubishana. Nikatafuta mtu wa kumwambia kwamba mwezi ameamka leo kulipiza matope. Mama mmoja muuza ndizi, mzee kuliko mimi, akanitangulia. "Amemkumbuka," alisema, akacheka peke yake. Nilinunua ndizi zake zote.

Siku hizi watoto wa ukoo wanaijua hadithi hiyo, lakini wameipata mtandaoni, kwa Kiingereza, chini ya kichwa kinachosema ni ngano ya Waluhya, na chanzo chake, ukifuatilia, ni Wagner. Wanaisoma kwa kazi za shule za mtaala mpya, wanachapisha, wanabandika. Ni sahihi yote. Haina mvua.

Karibuni tulizika mzee wa ukoo upande wa Funyula. Mchungaji kijana alipewa kipaza sauti, na kama ilivyo kwenye matanga yetu hakukirudisha upesi. Alitoka kwenye kifo akaingia kwenye uumbaji, akawakemea wanaosema tulitokana na nyani, kisha akanyoosha mkono juu. Vilima hivi mnavyoviona, akasema, viliachwa na gharika ya Nuhu, na kabla ya gharika havikuwepo. Mpwa wangu, aliyesimama kando yangu, alinikanyaga mguu kidogo.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akainua fimbo. Ni mjukuu wa wafua chuma, na sikio moja limekufa. "Mchungaji, ahsante kwa neno," akasema. "Mimi nataka kuelimishwa. Sisi watu wa chuma tumo katika Biblia. Mwanzo sura ya nne, mstari wa ishirini na mbili. Naomba tusomewe."

Mchungaji akafungua simu yake, akasoma. Ni habari ya Tubal-kaini, mfua shaba na chuma.

"Ndiyo. Na gharika ni sura ya ngapi?"

"Inaanza ya sita na ya saba, mzee."

"Sasa huyu wetu wa sura ya nne, kama vilima vilikuja sura ya saba, chuma alikichimba wapi?"

Watu walicheka mpaka wafiwa wakacheka. Mchungaji naye alitabasamu, namheshimu kwa hilo, akasema ni swali zuri la kipindi cha mafunzo ya Biblia. Mshereheshaji akaita kwaya. Mzee akaketi, akamwambia jirani yake kwa sauti ya kiziwi kwamba Tubal-kaini kwa vyovyote vile alikuwa Msamia.

Jioni mpwa alinibeba kwa boda kunirudisha Busia. Alikaa kimya hadi tulipoiacha Nangina nyuma, kisha akageuza shingo nusu. "Khocha, mzee yule yuko upande gani?"

Nilimwambia aangalie barabara, kuna mashimo mbele, na lori la makaa linakuja limewasha taa kubwa.